JE, MTOTO ACHUKUE HISTORIA KATIKA MIAKA MIWILI YA MWISHO YA SEKONDARI?



Ndugu wasomaji, mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mwaka huingia majumbani mwetu kwa njia ya karatasi moja tu. Mtoto hurejea kutoka skuli akiwa na fomu ya kuchagua masomo ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na wazazi hupewa siku chache za kuijaza na kuitia saini. Anapochagua Hisabati, Fizikia, Kemia au Biolojia, hapana anayeuliza neno. Lakini anapotia alama kwenye Historia, nyumba nzima hugeuka baraza. Baba huuliza faida yake nini. Mjomba hupiga simu kutoka Maskati au Mombasa kutoa rai yake. Na mtoto hubaki katikati, hajui atetee nini hasa.

Katika mabaraza hayo nimezoea kusikia majibu ya aina tatu. La kwanza ni kwamba Historia haina kazi, kwa hiyo asome sayansi. La pili ni kwamba Historia ni rahisi, kwa hiyo mtoto aliyeshindwa na Hisabati apelekwe huko. La tatu, ambalo husemwa kwa nia njema kabisa, ni kwamba mtoto aliyezaliwa au kukulia ugenini sharti asome Historia ili ajue asili yake. Kwa maoni yangu majibu yote matatu yana kasoro, na mzazi anayetia saini kwa kufuata mojawapo aweza kumpotezea mtoto miaka miwili isiyorudi, pamoja na karo ambayo sote twaujua uzito wake. Ninalotaka kusema ni hili: Historia ya ngazi ya juu ni kazi ya namna maalumu, na mtoto aichague kwa sababu ya kazi hiyo, si kwa sababu ya jina la somo. Tuitazame basi kazi yenyewe.

NINI HUFUNDISHWA

Tuanze na yaliyomo, maana hapa ndipo wazazi wengi huingia bila kutazama. Katika skuli za Doha zinazofuata mtaala wa Kiingereza, mitihani ya A-Level aghalabu hutoka Cambridge au Pearson Edexcel. Mtihani wa Historia wa Cambridge, wenye nambari 9489, una karatasi nne. Ya kwanza ni ya kuchambua nyaraka. Ya pili ni ya insha juu ya kipindi kipana. Ya tatu humpa mwanafunzi kipande cha maandishi ya mwanahistoria na kumtaka aeleze mwanahistoria huyo ana msimamo gani, na amejuaje hivyo. Ya nne ni ya insha za kina. Karatasi mbili za insha zina alama 60 kila moja, na zile nyingine mbili alama 40 kila moja.

Vipindi ambavyo skuli huchagua kwa mwaka wa kwanza ni Ulaya kuanzia 1750 hadi 1921, au Marekani kuanzia 1820 hadi 1941, au historia ya kimataifa kuanzia 1870 hadi 1945. Baadaye huja mada kama vile chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, na Vita Baridi. Kilwa haimo. Lamu haimo. Katika vipindi hivyo vya mwaka wa kwanza, Afrika huonekana zaidi pale inapogawanywa na madola ya Ulaya.

Skuli zinazofuata mtaala wa Kimarekani hutoa somo liitwalo AP World History: Modern, ambalo tangu mwaka wa masomo wa 2019 huanza na mwaka 1200, na ndani yake imo biashara ya Bahari ya Hindi, na miji ya Waswahili hutajwa humo kama mfano. Katika mtaala wa IB ulioanza kufundishwa mwaka 2015, Historia ya Afrika na Mashariki ya Kati iliwekwa kuwa mojawapo ya kanda nne ambazo skuli iliweza kuchagua kwa wanafunzi wa ngazi ya juu, nao wanafunzi walitakiwa kufanya uchunguzi wao wenyewe na kuuandika kwa maneno yasiyozidi 2,200. Lakini neno la kuzingatia ni kwamba anayechagua mada ni skuli, si mtoto. Skuli mbili za mtaala mmoja zaweza kufundisha historia mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi kwa mwalimu liwe: hapa kwenu mnafundisha vipindi gani?

Ndiyo maana nimesema kwamba lile jibu la tatu, la kumtaka mtoto ajue asili yake, lina kasoro. Mtoto aliyeahidiwa asili yake akakutana na reli za Marekani na mabunge ya Ulaya, ifikapo mwezi wa pili huwa amekwisha kukata tamaa, na huanza kuona kwamba watu wake hawana historia ya kusomwa.

Nalo si jambo geni. Mwaka 1963 profesa mmoja mashuhuri wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alidai hadharani kwamba hapakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, ila historia ya Wazungu katika Afrika. Waliomjibu hawakumjibu kwa hasira. Walimjibu kwa kazi. Bethwell Ogot wa Kenya, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa Hisabati, alikusanya masimulizi ya wazee, akayapima moja kwa jingine, na mwaka 1967 akatoa kitabu cha historia ya Wajaluo wa kusini. UNESCO nayo ilianzisha mradi wa Historia Kuu ya Afrika katika juzuu nane. Ogot akahariri juzuu ya 5, na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, akahariri juzuu ya 8. Watu hawa walijifunza ustadi katika vyuo ambavyo havikuwafundisha habari zao, kisha wakautumia ustadi huo kwa habari zao. Hilo ndilo tunaloweza kumwahidi mtoto kwa haki: skuli itampa ustadi, na sisi tutamwonyesha pa kuutumia.

KAZI YENYEWE

Ustadi huo ni upi? Wengi wetu tulisoma Historia kwa kukariri tarehe na majina ya magavana, tukidhani kwamba anayekumbuka zaidi ndiye anayejua zaidi. Katika ngazi hii kukumbuka ni mlangoni tu. Kazi ni kupima ushahidi, kisha kujenga hoja kwa maandishi.

Chukueni mfano wa kwetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Katika masimulizi ya safari zake aliisifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa kwa ustadi, kisha akaeleza kwamba mji wote ni wa miti na mapaa ya nyumba ni ya manyasi. Lakini mtu aendaye leo Kilwa Kisiwani, mahali ambapo UNESCO ilipaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, huona magofu ya Msikiti Mkuu na ya kasri la Husuni Kubwa, yote ya mawe ya matumbawe. Msikiti huo ulianza kujengwa kabla Ibn Battuta hajazaliwa, na kasri hunasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyekuwa akitawala msafiri alipofika.

Je, Ibn Battuta alisema uwongo? Mwanafunzi mvivu atajibu ndiyo au siyo. Mwanafunzi wa Historia atauliza kwanza habari hii ilitufikiaje. Atagundua kwamba Ibn Battuta hakuyaandika hayo papo hapo. Aliyasimulia huko Fez kwa mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, yaani miaka 24 baada ya safari ya Kilwa. Huenda kumbukumbu ilichanganya mji na mji. Huenda alieleza nyumba za watu wa kawaida, ambazo kwa hakika zilikuwa nyingi kuliko za mawe. Huenda kosa liliingia katika kunakili. Mwanafunzi atazipima rai hizi, atasema ipi ina nguvu zaidi na kwa nini, na atakiri mpaka wa ujuzi wake. Akifanya hivyo katika kurasa mbili, kwa lugha iliyonyooka, amefanya kazi ya somo hili.

Watoto wetu waliopitia chuoni wana faida moja ambayo aghalabu hawaitambui. Wamekwisha kusikia habari za isnadi: ya kwamba maneno hayapokewi kwa kuwa ni matamu, bali huulizwa nani kasema, kasikia kwa nani, walikutana au hawakukutana, na kumbukumbu yake ilikuwaje. Kanuni za mwanahistoria si zile zile, lakini tabia ya moyo ni moja. Na Ibn Khaldun, aliyeiandika Mukadima yake mwaka 1377, alikwenda hatua zaidi, akiwalaumu waandishi wa tarehe waliopokea idadi za majeshi na habari za ajabu bila kuzipima kwa hali halisi ya watu na nchi. Mtoto anayechukua Historia leo hajitupi katika jambo la kigeni.

Mfano wa pili ni mfupi. Vitabu vingine huandika kwamba Seyyid Said alihamishia makao yake makuu kutoka Maskati kwenda Zanzibar mwaka 1832, na vingine 1840. Mtoto wa madarasa ya chini hutaka aambiwe mwaka ulio sahihi. Mwanafunzi wa ngazi ya juu huona kwamba Sultani aliitembelea Zanzibar mara ya kwanza mwaka 1828, na kwa miaka mingi akawa akienda na kurudi. Basi swali si la kalenda peke yake. Tunaposema makao makuu yamehama, tunamaanisha nini? Kasri? Biashara? Hazina? Mwenyewe kukaa? Jibu la mwaka hutegemea jibu la swali hilo.

Kwa haya nadhani lile jibu la pili, la kwamba Historia ni rahisi, limekwisha kuanguka lenyewe. Mtoto aliyeshindwa na Hisabati kwa kukosa subira hatapata nafuu katika somo linalomtaka asome makumi ya kurasa kila juma kwa Kiingereza kizito, na kuandika insha baada ya insha zitakazorudi zimejaa wino mwekundu.

MAMBO MAZITO YALIYOMO NYUMBANI MWETU

Ndugu zangu, kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi ya wengine, nami sitaki kuipita kwa haraka.

Si mbali na Najma yetu, katika mtaa wa Msheireb, ipo nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa mwaka 2015 kuwa makumbusho ya utumwa katika Bahari ya Hindi. Humo huelezwa habari za watu waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki na kwingineko, wakaletwa Ghuba kupiga mbizi za lulu na kutumikishwa katika mitende na majumbani. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, yaani katika uhai wa watu ambao wengine wangali nasi. Na kwetu, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar tarehe 5 Juni 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907.

Miongoni mwetu wapo ambao mababu zao waliuza watu, wapo ambao mababu zao waliuzwa, na wapo wengi ambao damu hizo mbili zimekutana katika mishipa yao. Mtoto atakapokwenda kutembea Msheireb pamoja na darasa lake, akaulizwa na mwenziwe, "Ninyi mlikuwa upande gani?", atajibu nini? Nyumba nyingi humfundisha jibu moja kati ya mawili: kukanusha, au kuona aibu. Yote mawili humwacha bila silaha siku anapokutana na mtu aliyesoma.

Vivyo hivyo habari za Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963. Katika nyumba moja mtoto husikia kwamba siku hiyo wanyonge walijikomboa. Katika nyumba ya pili, pengine ghorofa ya juu ya jengo lile lile, mtoto mwingine husikia kwamba siku hiyo babu yake aliuawa, au alipoteza shamba na kupanda jahazi. Idadi ya waliouawa haijawahi kukubaliwa na wote. Watoto hawa wawili hucheza mpira pamoja. Ipo siku watayazungumza haya, nasi hatutakuwapo kuwaamua.

Somo la Historia halitawaamulia nani mwenye haki. Lakini litakuwa limewazoeza mambo matatu: kusikiliza ushahidi unaowauma bila kukimbia, kutofautisha kilichotokea na kile ambacho watu walihitaji kukiamini baada ya kutokea, na kuandika neno la mpinzani kwa uadilifu kabla ya kulijibu. Hata kama wameyajifunza hayo kwa habari za Ujerumani na Urusi, ustadi ni ule ule. Hii ndiyo faida ambayo mimi naiweka mbele ya zote, kwa sababu sisi tumekaa ugenini na urithi mkubwa tunaowaachia watoto ni masimulizi. Masimulizi yasiyopimwa huweza kuwa baraka, na huweza kuwa deni.

MILANGO IPI HUFUNGUKA, IPI HUFUNGWA

Sasa turudi kwa baba aliyeuliza habari ya kazi. Swali lake ni la haki na lajibiwa hivi.

Yapo mambo ambayo Historia haiwezi. Anayetaka uhandisi sharti awe na Hisabati, na mara nyingi na Fizikia. Anayetaka udaktari mara nyingi hawezi kuikwepa Kemia. Kwa vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza, mwenye Kemia na Biolojia aweza kuchagua somo la tatu kwa uhuru, hata likawa Historia. Lakini Tanzania shahada ya udaktari hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Kwa hiyo kijana mwenye Kemia, Biolojia na Historia ana mlango wazi Uingereza na mlango uliofungwa Muhimbili. Ni lazima wazazi wajue hili kabla ya kutia saini, si baada ya matokeo.

Nasema hivi kwa sababu maisha yetu hapa yamefungamana na iqama, na iqama imefungamana na ajira. Mkataba wa baba ukimalizika, familia huweza kujikuta Dar es Salaam au Mombasa kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Chaguo la mtoto liwe chaguo linaloweza kusafiri. Tanzania Historia husomwa ndani ya tahasusi, kama vile HGL, HKL, HGK na HGE, na Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa ulinganifu wa vyeti vya nje. Kenya, mtaala mpya umeigawa sekondari ya juu katika njia tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Kundi la kwanza lilipangiwa kuingia Januari 2026, na Historia na Uraia imo katika njia ya sayansi ya jamii. Mtoto mwenye Historia pamoja na Jiografia, Uchumi au lugha atapokewa bila taabu kubwa. Mwenye mchanganyiko wa nusu sayansi nusu sanaa huenda akalazimika kuanza upya.

Yapo pia mambo ambayo Historia huyafungua. Vyuo vya sheria vya Uingereza kwa kawaida havidai somo maalumu, bali hutaka mtu aliyezoea kusoma sana na kuandika kwa hoja. Uandishi wa habari, ubalozi, ualimu, kazi za nyaraka na makumbusho, utafiti, utumishi katika mashirika ya kimataifa, vyote hutaka kile kile. Hapa hapa Doha, katika Education City, Chuo cha Georgetown kilichofunguliwa mwaka 2005 kina shahada ambayo mojawapo ya michepuo yake ni Historia ya Kimataifa. Karo yake si ndogo, kwa hiyo anayekusudia aulize habari za msaada wa fedha mapema, akiwa bado katika mwaka wa mwisho lakini moja. Na Qatar, ambayo ilifungua Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mwaka 2008 na Makumbusho ya Taifa mwaka 2019, si nchi inayodharau kazi ya kuhifadhi yaliyopita.

Basi jibu la kwanza nalo halikusimama. Historia ina kazi. Lakini haina kazi moja iliyoandikwa mlangoni kama ilivyo kwa udaktari. Anayeichagua atahitaji kuitafuta njia yake, na mzazi atahitaji subira.

YUPI AICHUKUE, YUPI AIACHE

Kwa uzoefu wa miaka mingi darasani, sitazami kwanza alama za mtoto. Natazama mambo matano, ambayo kila mzazi aweza kuyatazama nyumbani bila ya mwalimu.

Kwanza, je, mtoto husoma kitabu kizima kwa hiari yake, au husoma tu kile atakachoulizwa? Pili, akisikia habari, je, huuliza umejuaje? Mtoto anayewachosha wazazi kwa swali hili ana mbegu ya somo. Tatu, je, yu tayari kuandika ukurasa, kuurudia, na kuurudia tena? Nne, je, aweza kueleza rai asiyoipenda bila kuikejeli? Tano, Kiingereza chake cha kuandika kimefika wapi? Kikiwa bado dhaifu, hilo lisimzuie moja kwa moja, lakini apewe msaada kuanzia likizo ya kabla ya masomo kuanza, si baada ya kufeli mtihani wa kwanza.

Mwenye matatu kati ya hayo aichukue kwa moyo mkunjufu. Mwenye moja au mawili tu, na hasa ikiwa amevutiwa na mwalimu anayependeza au na rafiki anayekwenda darasa hilo, na afikiri tena. Na mwenye moyo wa kweli wa uhandisi au udaktari asilazimishwe na mzazi mpenda mila aingie Historia kwa jina la asili. Historia ya kwao ataisoma maisha yake yote bila mtihani, nayo itamfaa.

Njia nzuri ya kujaribu ni hii. Kabla ya fomu kurudishwa, mtoto aombe skulini karatasi moja ya mtihani uliopita pamoja na insha moja iliyopata alama za juu. Akae nazo Ijumaa moja baada ya sala. Ajaribu swali moja la nyaraka, bila msaada. Kama atainuka amechoka lakini anataka kujua majibu ya wenziwe, hiyo ni dalili njema. Kama atainuka amechoka na basi, ni vyema kuijua dalili hiyo sasa.

WAJIBU ULIOBAKI KWETU

Nimesema kwamba skuli itatoa ustadi, nasi tutoe mahali pa kuutumia. Hili ni jambo jepesi kuliko tunavyodhani. Kutoka pande zetu za Najma, mtu hupanda metro katika njia nyekundu hadi Msheireb, akabadili kuingia njia ya kijani, akashuka kituo cha Maktaba ya Taifa ya Qatar. Mkaazi mwenye kitambulisho hujiandikisha bila malipo. Mtoto aulize huko vitabu vya historia ya Bahari ya Hindi, pamoja na kitabu cha Profesa Abdul Sheriff juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1987. Maktaba hiyo, pamoja na Taasisi ya Qatar na Maktaba ya Uingereza, ilifungua pia mwaka 2014 maktaba ya kidijiti ambayo kila mtu huisoma bure kwenye intaneti. Ndani yake zimo barua na ripoti za maofisa wa Kiingereza wa Ghuba na Maskati. Mpeni mtoto barua moja ya ofisa huyo, mkamwulize: aliandika kwa nani, alitaka nini, na nani hakuulizwa?

Jambo la mwisho halihitaji metro. Wazee wetu wanakuja hapa kwa ziara, wanakaa miezi miwili au mitatu, kisha wanarudi, na kila mwaka idadi yao hupungua. Mtoto wa Historia apewe kazi ya kukaa na bibi au babu, amwulize, aandike kwa Kiswahili, aweke tarehe, kisha amwulize mzee mwingine habari ile ile. Zikipishana, asiharakishe kumsahihisha mtu. Aziandike zote mbili. Ogot alianzia hapo hapo.

Wazazi wenzangu, fomu hiyo ni ya mtoto. Tumpe taarifa kamili, tumwonyeshe milango inayofunguka na inayofungwa, tumwombee istikhara na tumfundishe kuisali mwenyewe, kisha tusikilize anachosema. Akiichagua Historia, tusimwite mvivu. Akiiacha, tusimwite aliyesahau kwao.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu, Najma